Bibi Yangu Kinaoka Mikate

Jumatatu, 16 Januari

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Gari likagoma. Nikaenda shuleni kwa miguu, nikafika ndevu zimeganda.

Kikao cha walimu saa tisa alasiri. Mwalimu mkuu wetu, Taimi, hana tabia ya kuzungusha maneno. Akasema walimu wa Kiingereza sasa tuko wawili, na kuanzia Agosti nafasi ni moja. Mimi, Ilmari Puranen, miaka kumi na tisa katika shule hii. Na Henriikka Lampela, aliyeletwa kwetu baada ya Krismasi, shule yake ya kijijini ilipofungwa. Umri wake miaka thelathini na moja. Soksi zake za sufi amezifuma mwenyewe, na zina picha za bundi.

Atakayekosa nafasi atapelekwa manispaa ya jirani kufundisha Kiswidi, lugha ya pili ya nchi yetu. Darasa la tisa! Vijana wa miaka kumi na tano wasiotaka Kiswidi, wanafundishwa na mtu asiyetaka Kiswidi. 

Mkuu wa elimu wa manispaa, Haukio, atakuja Jumatano ya wiki ijayo kutazama kipindi kimoja cha kila mmoja wetu. Darasa la tatu, mimi 3A, yeye 3B. Mada: viwakilishi vya Kiingereza. Njia: michezo. Michezo! Mimi mchezo wangu ni hoki, tena kwenye televisheni.

Baada ya kikao Henriikka alinifuata, akasema tusaidiane, hakuna haja ya kugombana. Nimemwelewa mara moja. Huyu ni wa kuchungwa.

Jumanne, 17 Januari

Nimesahihisha insha za 3A, "Familia Yangu". Watoto kumi na wanane. Kumi na wanne wamemwita bibi yao "it".

Siwalaumu sana. Ndivyo tunavyosema hapa. Kwa Kifini cha nyumbani mtu ni kitu: kimekuja, kimekula, kimeondoka, hata kama ni mama mzazi. Heshima ya "yeye" tunampa mbwa. Na huyo "yeye" mwenyewe ni mmoja, hajali mwanamume wala mwanamke. Sasa nani awaeleweshe habari za "he" na "she"?

Insha ya Hilja Vornanen, miaka tisa, mtoto mwenye akili kuliko wote na anayenichosha kuliko wote, ukiigeuza kutoka Kiingereza chake inasomeka hivi: Bibi yangu kinaoka mikate. Mbwa wetu ni Nalle. Yeye huhuzunika sana bibi kikirudi kwao.

Tahajia safi. Nukta zote mahali pake. Na bibi wa watu ni kitu!

Lakini hapo hapo nikapata wazo. Ndoo tatu: ya "he", ya "she", ya "it". Mtoto anachukua kadi yenye jina la mtu au kitu, anaibana kwenye kifuko cha njegere kavu, kile cha michezo, anakirusha katika ndoo inayofaa. Akikosea, adhabu. Rahisi. Haukio atalia kwa furaha.

Nimechukua ndoo zangu tatu za kuvulia samaki kwenye barafu. Marketta, mke wangu, aliuliza zinakwenda wapi. Nikamwambia ni mambo ya elimu. Akasema samaki wa Jumamosi nao wangependa kuelimishwa.

Jumatano, 18 Januari

Ndoo zimepambana na darasa leo. Darasa limeshinda.

Adhabu niliyoweka: ukikosea, raundi moja kuzunguka uwanja wa shule. Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Nilidhani wataogopa.

Aarni alianza. Kadi: "mjomba". Akarusha kwenye "it", akakosea, akavaa buti, akatoka. Alirudi mashavu mekundu, akasema theluji ya leo inashikana vizuri. Nikamwona akiwakonyeza wenzake. Kuanzia hapo kila mjomba, kila shangazi na kila baiskeli aliingia ndoo isiyo yake. Dakika ya ishirini darasa zima liko nje, ndani amebaki Hilja tu, aliyepatia zote. Akaanza kulia. Nikamuuliza kwa nini analia na yeye ndiye mshindi. Akasema mshindi gani anabaki ndani. Kisha akachukua kadi ya "malkia", akanitazama usoni, akaitumbukiza katika "it". Akaenda kuvaa buti.

Taimi akapita ukumbini. Akauliza kwa nini 3A wanajenga ngome ya theluji wakati wa Kiingereza. Nikasema ni ujifunzaji wa nje ya darasa. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Maneno haya hayajawahi kuniangusha.

Alhamisi, 19 Januari

Nimewapa kanuni. Chenye uhai ni "he" au "she". Kisicho na uhai ni "it". Basi. Sikuona pa kuteleza.

Nilisahau leo ni Alhamisi. Alhamisi jikoni ni supu ya njegere na nyama ya nguruwe. Baada ya chakula Hilja akanyoosha mkono, akauliza nguruwe wa kwenye supu ni yupi. Nikasema "it". Akasema lakini alikuwa hai. Nikasema alikuwa, sasa ni supu. Akauliza je, babu yake, ambaye naye alikuwa hai?  Babu yake alizikwa Oktoba. Nikasema babu ni "he" daima. Akauliza kwa nini nguruwe asiwe daima. Kengele ikaniokoa.

Mchana nilikwenda kusikiliza mlangoni kwa Henriikka. Si upelelezi. Ukumbi ni wa wote.

Mchezo wake ni wa viti. Watoto watano wamekaa viti vitano, kila mmoja ni neno, kwa pamoja ni sentensi. Mtoto ambaye ni "bibi" anasimama, anaondoka, na mwenye kadi ya "she" anakuja kukaa katika kiti kilekile, kikiwa bado na joto. Akija "it", sentensi nzima inasimama na kupiga kelele, "Hapa si pako, toka!" Mtoto mmoja alikuja na "it", akafukuzwa, akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ni mchezo mzuri, na sikuubuni mimi.

Mlango ukafunguliwa ghafla, nami nimeinama sikio likiwa usawa wa kitasa. Nikasema natafuta kalamu. Henriikka akanipa yake. Ilikuwa bora kuliko kalamu zangu zote.

Ijumaa, 20 Januari

Siku ya vitendo.

Kitendo cha kwanza. Henriikka alisema kwenye kahawa kwamba Jumatatu atazipitisha kadi zake katika mashine ya laminesheni, ile ya kuvalisha karatasi plastiki. Shule nzima ina moja. Saa nane na nusu, watu wakiwa wamekwenda, niliibeba chini ya koti hadi stoo ya vifaa vya michezo, nikaificha nyuma ya fimbo za zamani za kutelezea thelujini. Hakuna aliyeniona. Kadi zake zitabaki karatasi tupu, zitakunjana mbele ya Haukio. Moyo ulinidunda kama wa mwizi, lakini mwizi anayejua kazi.

Kitendo cha pili. Nukta. Kila kadi yangu pembeni nimeweka nukta ndogo ya rangi. Nyekundu ni "he", buluu ni "she", kijani ni "it". Ukingo wa kila ndoo una rangi yake. Mtoto hana haja ya kujua kama mjomba ni mtu au kabati. Anaangalia nukta, anarusha. Adhabu nimeifuta. Nikawaambia watoto ni siri ya 3A peke yetu. Wakafurahi mno. Hilja akauliza kama huo si udanganyifu. Nikasema ni kielelezo cha kuona.

Jumatatu, 23 Januari

Kumi na wanane kwa kumi na wanane! Mara tatu mfululizo. Hilja alirusha kadi akiwa ameishika juu chini. Hawasomi tena. Sijawahi kufundisha vizuri hivi.

Tatizo dogo. Kadi zimechakaa kwa siku moja. Mikono yenye maji ya theluji, jemu ya matunda, na Aarni hutafuna pembe za karatasi akifikiri. "Shangazi" limebaki "shanga". Zinahitaji plastiki. Nikaenda stoo kuichukua mashine kimyakimya.

Stoo, iliyokuwa wazi Ijumaa, imefungwa. Funguo anazo mwalimu wa michezo. Mwalimu wa michezo yuko na darasa la sita kambini thelujini, anarudi kesho jioni.

Kwenye kahawa Henriikka aliuliza kama kuna aliyeiona mashine. Nikasema vitu vya siku hizi havitulii mahali. Alikuwa amepika maandazi ya iliki akawaletea wote. Nilikula mawili, nisije nikatiliwa shaka.

Jumanne, 24 Januari

Mazoezi ya mwisho. Hakuna kosa hata moja. Nimerudi nyumbani mapema, kadi nimeziacha mezani darasani, nimenunua tai. Marketta akauliza tai ya nini, hakuna aliyekufa. Nikamwambia kesho ajira yangu inaamuliwa. Akaacha utani, akainyoosha kola yangu, akasema niende nikafundishe tu kama ninavyofundisha siku zote. Sikumwambia kwamba hilo ndilo ninalojaribu kuliepuka.

Jumatano, 25 Januari

Naandika nikiwa na blanketi mabegani. Kwa baridi na kwa mengine.

Saa mbili na dakika tano asubuhi niliingia darasani. Juu ya meza, kadi. Lakini si kadi zangu. Hizi zilikuwa mpya, ziking'aa kwa plastiki, zimechorwa picha kwa mkono, zimefungwa kwa uzi wa sufi. Na kikaratasi: "Zako zilikuwa zimechakaa. Mwalimu wa michezo jana jioni aliikuta mashine stoo, akaniletea, nikakutengenezea na wewe. Kila la heri. Henriikka."

Picha nzuri. Mjomba ana kofia. Shangazi ana miwani. Nukta hakuna hata moja.

Nikauliza kadi za zamani ziko wapi. Mhudumu wa usafi akasema amekwisha kuzitupa, zilikuwa zikinata. Dakika kumi zimebaki. Nikatafuta kalamu za rangi, nikaanza kutia nukta juu ya plastiki. Wino ukateleza. Ukikausha kwa kupuliza, unafutika kwa kidole. Nilikuwa na nukta nyingi zaidi kwenye tai kuliko kwenye kadi wakati Haukio alipoingia, mrefu, soksi za kijivu, akakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Taimi akakaa dirishani.

Aarni akachukua kadi ya kwanza. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akauliza kwa sauti ya darasa zima, "Ticha, nukta ziko wapi?"

Nikasema asome neno. Akasema tangu lini. Akarusha mjomba katika "it". Wa pili akarusha baiskeli katika "she". Wa tatu aliitia kadi mdomoni kutafuta nukta kwa ulimi.

Haukio akauliza kwa upole nukta ni kitu gani. Nilifungua kinywa. Hilja akaniwahi. Akasimama, akamweleza yote kwa Kiingereza, kuanzia rangi hadi siri, kwa sentensi kamili. Alijivuna. Alikuwa sahihi katika kila kitu isipokuwa aliniita "it".

Haukio akatabasamu. Nadhani alitaka kunisaidia, na namchukia zaidi kwa hilo. Akamuuliza Hilja kwa Kiingereza yule mama aliyekaa dirishani ni nani. Hilja akajibu, naye akiwa amemtazama Taimi usoni: Kile ni mwalimu mkuu wetu. Kina huruma, lakini hakipendi kelele.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikaruka mbele, nikapaza sauti, kwa Kiingereza, mbele ya mkuu wa elimu wa manispaa nzima: "Usimwite hivyo! Kimekaa pale, kinakusikia!"

 Nilikuja kusikia nilichosema nikiwa nimekwisha kuchelewa. Taimi alitazama nje.

Kisha sauti ya Aarni: "Ticha amekosea! Raundi! Ticha azunguke uwanja!" Darasa zima likadaka, "Raundi! Raundi!" Nikasema adhabu ilifutwa Ijumaa. Hilja akasema ilifutwa kwa watoto. Nikamgeukia Haukio anitetee. Akasema yeye si mtaalamu, lakini kanuni ya mchezo ni kanuni ya mchezo.

Nilikimbia. Na tai shingoni. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, na buti nilizovaa kwa haraka zilikuwa za kushoto zote mbili. Nilipopita chini ya dirisha la darasa nilitazama ndani. Haukio alikuwa amesimama mbele ya ndoo zangu, anarusha vifuko, na watoto wamemzunguka wanamzomea kwa Kiingereza kila akikosea. Hakuna aliyekumbuka kwamba niko nje.

Alhamisi, 26 Januari

Kipindi cha Henriikka kilifuata changu jana. Kilikwenda kama saa. Hiyo ndiyo habari yote niliyotaka kuijua.

Taimi aliniita ofisini leo asubuhi. Akafunga mlango, jambo asilolifanya. Akasema Haukio amempa Henriikka nafasi. Akasema mimi ni mwalimu mzuri ninapoacha kuwa mjanja. Nikamshukuru, sijui kwa lipi. Kuanzia Agosti, Kiswidi. Kilomita hamsini na nne kwenda, hamsini na nne kurudi, kwa gari lile lile linalogoma.

Nilikaa garini dakika kumi kwenye maegesho. Sikulia. Haya, nililia. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye kile chumba. Watoto niliowafundisha "he" na "she" sasa wananiletea watoto wao, nao wanawaita bibi zao "it". Nilifikiri nitastaafia pale.

Henriikka aliniona kupitia kioo. Hakugonga. Akapita akainamisha kichwa tu. Niliona ni dharau.

Marketta hakunicheka jioni. Alinipa kahawa, akakaa karibu yangu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ijumaa, 27 Januari

Naandika polepole, sitaki kukosea jambo hili.

Taimi alituita wote wawili baada ya chakula. Henriikka alikuwa amekwenda kwa Haukio mwenyewe, jana mchana, bila mtu kumtuma. Amependekeza kazi igawanywe. Kila mmoja wetu nusu Kiingereza hapa, nusu Kiswidi kule, kwa zamu. Amekubali kuikata nafasi yake mwenyewe katikati! Haukio ameridhia. Saini zimewekwa.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama yake ni wa pwani, amekulia katika Kiswidi, kwake si mzigo. Halafu akasema nilipokuwa nazunguka uwanja, alipita ukumbini akawasikia 3A wakibishana na Haukio kuhusu ndoo, kwa Kiingereza, dakika nzima, bila kuamrishwa. Alisema hajawahi kusikia watoto wa darasa la tatu wakibishana kwa lugha ya kigeni. Anataka tuunganishe viti vyake na ndoo zangu.

Nilimpa mkono. Nikataka kusema jambo la maana, nikasema kwamba maandazi yake ya iliki yalikuwa mazuri. Akacheka. Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma: nilifurahi sana. Mtu huyu ameniokoa, na sikumfanyia lolote ila mabaya. Nilimwambia hata habari ya mashine kuwa ni mimi niliyeificha. Akasema alijua, aliniona Ijumaa ile koti limetokeza pembe za mashine.

Basi, mtu mwema. Nimelikubali.

Ila jambo moja. Alipoagana nami alisema maneno mawili matatu ya Kiswidi, kwa utani. Jamani, matamshi yale! Laini, safi, ya mtu aliyenyonyeshwa nacho. Kipaji cha namna hiyo kukitumia nusu tu ni hasara. Ni uonevu kwa vijana wa darasa la tisa. Yeye ni mpole mno kujipigania, kwa hiyo lazima atokee rafiki wa kumsemea.

Jumatatu asubuhi, kabla hajafika, nitakwenda kwa Taimi kupendekeza apewe Kiswidi chote.